Viti Vitupu Barazani

Kelele huvuta watu, na kazi huwafukuza. Ukitaka kuyaona maneno haya kwa macho, linganisha siku mbili za baraza lolote la mji. Siku ya kwanza ni ya ugomvi: kiongozi anatakiwa ang'olewe, wajumbe wamegawanyika, askari wamesimama mlangoni. Siku hiyo watu hujazana hata madirishani, na akosaye nafasi husimama nje na redio sikioni. Siku ya pili ni ya kazi: kumbukumbu za kikao kilichopita zinathibitishwa, taarifa ya kamati ya maji inawekwa mezani, makisio ya ada za soko yanapitiwa kifungu kwa kifungu. Siku hiyo viti vya wageni huwa vitupu, nao wajumbe husemezana wenyewe kwa wenyewe kama watu wa nyumba moja.

Hoja yangu ni fupi. Mji hautawaliwi siku ya ugomvi. Hutawaliwa siku ya kazi. Mwananchi apendaye kutazama ugomvi tu, asionekane siku ya kazi, ameuza mji wake kwa bei ya kicheko. Na baraza lifurahialo viti vitupu, likaendesha mambo ya umma kana kwamba ni mambo ya sebuleni kwake, limenunua kitu ambacho muuzaji hakuwa na haki ya kukiuza. Nawashtaki wote wawili. Nitaanza na mwananchi, kwa sababu mimi ni mwananchi, na ninyi wasomaji wangu mmekaribia umri wa kupiga kura.

Tuanze na mifano ya kwetu. Tarehe 29 Februari 2024 Bunge la Kaunti ya Kisii lilipiga kura kumwondoa Naibu Gavana. Wajumbe 53 kati ya 70 waliunga mkono hoja hiyo, na tarehe 14 Machi mwaka huo huo Seneti ikaithibitisha. Habari ile ilivuma nchi nzima. Kwa jirani zetu wa Nyamira, bunge la kaunti liligawanyika mwaka 2024 kwa ugomvi juu ya kiti cha spika, hata kundi moja likawa linafanya vikao vyake nje ya ukumbi. Hilo nalo lilivuma. Sisemi kwamba mambo hayo hayakuwa na uzito. Kumwondoa kiongozi ni jambo zito, na kugawanyika kwa bunge ni hasara kwa wote. Lakini waendee wale waliosimulia habari hizo kwa ufasaha, waulize ada ya meza sokoni imewekwa kwa sheria gani, ilijadiliwa katika kikao gani, na nani aliipinga. Utaona ulimi uliokuwa mwepesi kama unyoya unakuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Si ajabu, watasema, kwani ada ya meza ni jambo dogo. Hapo ndipo ninapokataa. Chukua Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, fungua Jedwali la Nne, usome kazi zilizowekwa mikononi mwa kaunti. Utakuta masoko na leseni za biashara. Utakuta maji na usafi, uzoaji wa taka na majaa yake, taa za barabarani na maegesho ya magari, barabara za kaunti, zahanati na vituo vya afya, zimamoto, kilimo na mifugo. Utakuta elimu ya watoto wadogo wasiofika bado shule ya msingi, na utakuta pia makaburi. Basi mtu huanza masomo yake mikononi mwa kaunti, na safari yake huishia mikononi mwa kaunti. Kati ya miisho hiyo miwili, maji anywayo, njia apitayo na meza auziayo ndizi vyote vimepita katika kikao ambacho yeye hukiita cha kuchosha. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 1,266,860 katika Kaunti ya Kisii na watu 605,576 katika Kaunti ya Nyamira. Je, jambo linalowagusa watu wengi kiasi hicho kila siku ni dogo kwa kipimo gani?

Tufanye hesabu, maana hesabu haina upendeleo. Tuseme mama mmoja anauza mboga katika soko la Daraja Mbili, mjini Kisii, siku 300 kwa mwaka. Tuseme kikao kimoja cha kawaida, kisicho na mtazamaji hata mmoja, kimeongeza ada yake ya kila siku kwa shilingi 10. Shilingi 10 hazimwangushi mtu. Lakini mwisho wa mwaka mama yule atakuwa ametoa shilingi 3,000 zaidi, na wenziwe wakiwa 1,000 watakuwa wametoa shilingi 3,000,000. Fedha hizo zingeweza kununua madaftari na sare za wana wao. Labda ongezeko hilo ni la haki, ikiwa kwa fedha hizo soko litaezekwa, litapata choo na taka zitazolewa. Labda si la haki. Nani atajua, kama hapana aliyeuliza? Kwa kinywa kimoja waliohudhuria walisema ndiyo, karani akaandika, na lililoandikwa likawa sheria. Wahenga walilisema jambo hili kwa maneno manne: asiyekuwapo na lake halipo.

Utazame na mji wa Keroka. Mji ule umekaa mpakani mwa Kisii na Nyamira, na tangu kaunti zilipoanza mwaka 2013 kumekuwa na mabishano juu ya mahali mpaka unapopita na nani ana haki ya kukusanya ushuru wa soko. Jambo la namna hii halimalizwi na matusi mkutanoni wala na vijana wa kurusha mawe. Humalizwa na ramani, na kumbukumbu za zamani, na kamati mbili zinazoketi meza moja, na makubaliano yanayoandikwa na kutiwa sahihi. Kazi hiyo yote ni kazi ya kawaida, haina shangwe. Nayo ikikosa wa kuisukuma hulala, na mwuza viazi wa Keroka ndiye anayeamka nayo kila siku ya soko.

Utazame tena Mto Nyakomisaro, ambao unapita katikati ya mji wa Kisii. Mto ule haukuchafuliwa na adui aliyekuja usiku. Umechafuliwa kidogo kidogo: kwa jengo lililoruhusiwa kukaribia ukingo, kwa mfereji wa maji machafu ambao haukukaguliwa, kwa taka zilizokosa gari la kuzizoa, na kwa kila mmoja wetu atupaye mfuko wake majini. Kila moja ya hatua hizo ilikuwa na kikao chake, au ilistahili kuwa nacho. Panda mlima uende Nyamira, kwenye mashamba ya chai, ambako barabara ya kaunti ikigeuka tope lori huchelewa, na jani lililochumwa alfajiri hunyauka kabla ya kufika kiwandani. Mkulima hulalamikia mvua. Mvua haina kosa. Ilinyesha hivyo hivyo enzi za babu yake. Alalamikie ukurasa wa makisio ambao haukuwa na jina la barabara yake.

Sasa nijibu hoja za wanaonipinga, maana mashtaka yasiyosikia utetezi ni dhuluma.

Hoja ya kwanza husema: vikao vya kawaida vinachosha. Nakubali kwamba vinachosha. Kupalilia nako kunachosha, lakini hakuna mwana wa Gusii aliyelima mahindi akaacha kupalilia kwa sababu jembe halichekeshi. Tena kuchosha kwake ni hatari, kwa kuwa jambo baya likitaka kupita bila kuonekana halijifuniki giza, hujifunika uchovu. Huwekwa katika ukurasa wa tisini wa taarifa, husomwa baada ya chakula cha mchana, hupitishwa watu wakitazama saa. Waathene wa kale walijua kwamba raia huwa mzito wa kwenda barazani. Kwa hiyo watumishi wa mji walikuwa wakiburuta kamba iliyopakwa rangi nyekundu na kuwasukuma watu kutoka sokoni hadi mkutanoni, na mchelewaji akaonekana kwa alama ya nguo yake. Hata hivyo Athene iliwafungia mlango wanawake na watumwa. Sisi hatukufungiwa na sheria. Tumejifungia wenyewe kwa uvivu, kisha tukaulaumu mlango.

Hoja ya pili husema: tumekwisha mchagua mwakilishi, kazi ni yake. Kisii imegawanywa wadi 45 na Nyamira wadi 20, na kila wadi ina mjumbe wake. Ni kweli. Lakini ukimtuma mtu dukani, je, humwulizi bei wala hudai chenji? Kutuma si kutupa. Mjumbe mwema hupata nguvu akiona watu wake nyuma yake siku ya kazi, na mjumbe mbaya huona haya. Ukimwacha peke yake, yule mwema huchoka na yule mbaya huneemeka.

Hoja ya tatu ndiyo nzito: hata tukienda hawatusikii. Hapa nageuka kwa mshitakiwa wangu wa pili, yaani baraza. Kifungu cha 196 cha Katiba kinaliamuru bunge la kaunti lifanye kazi yake kwa uwazi, na vikao vyake pamoja na vya kamati zake viwe hadharani. Nayo Sheria ya Maeneo ya Miji na Majiji ya mwaka 2011, ambayo ndiyo iliyoleta bodi za manispaa, inawapa wakazi haki ya kushiriki katika mambo ya mji wao. Hayo ndiyo maandishi. Matendo je? Tangazo huchapwa katika gazeti ambalo mwuza ndizi hanunui. Mkutano huitwa kwa notisi ya siku chache, katika ukumbi mmoja ulio mbali na vijiji vingi. Kitabu cha makisio hutolewa kwa Kiingereza kigumu, ilhali Katiba yenyewe imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na lugha rasmi. Kisha watu wachache hutia sahihi zao katika orodha, hupewa soda, na siku ya pili huandikwa kwamba wananchi walishirikishwa. Huo si ushirikishwaji. Huo ni mlango uliochorwa ukutani: ukiutazama kwa mbali ni mlango, ukiukaribia utagonga kichwa.

Lakini msitoke hapo mkasema kwamba hakuna la kufanya. Sheria ina meno, ikipata wa kuitumia. Mwaka 2014 Mahakama Kuu iliibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya mwaka 2013, kwa sababu wananchi hawakushirikishwa inavyotakiwa. Sheria nzima ya ada na ushuru iliangushwa na watu waliosoma, wakauliza, wakaenda mahakamani. Kaunti ya Makueni nayo ilijulikana kwa njia nyingine, iliyo ya amani zaidi: kamati za maendeleo zilizoanzia kijijini na kupanda hatua kwa hatua, ili mradi utokane na mahitaji ya wale watakaoutumia. Watu wa Kiambu na wa Makueni si malaika, wala hawakuzaliwa na vichwa viwili. Wanalolifanya wao, mkazi wa Suneka au wa Nyansiongo analiweza.

Huenda mtu akauliza, uzito huu wa kwenda barazani ulitoka wapi? Naona una mizizi ya zamani. Mababu zetu hawakuwa wageni wa mabaraza. Wazee wa Abagusii walikuwa na etureti, na mbele yake mashauri ya majirani yalisikilizwa na kuamuliwa. Kisha wakaja Waingereza kwa bunduki, wakawapiga Abagusii mwaka 1905 na tena mwaka 1908, wakaweka kituo chao cha serikali mahali ambapo sasa ni mji wa Kisii. Wenyeji wakapaita Bosongo, yaani mahali pa Wazungu. Jina lile lilikuwa hukumu: mji si wetu, ni wao. Sheria ya mwaka 1924 ilileta mabaraza ya wenyeji, lakini mwenyekiti alikuwa mkuu wa wilaya, Mzungu, na neno la mwisho lilikuwa lake. Uhuru ulipokuja mwaka 1963 mabaraza yakawa yetu. Muda si mrefu, tangu mwanzo wa mwaka 1970, mabaraza ya kaunti yaliondolewa kazi ya shule za msingi, ya afya na ya barabara, zikapelekwa Nairobi. Kwa zaidi ya miaka 40 watu walizoea kutazama Nairobi kama mkulima anavyotazama mawingu. Mwaka 2013 kazi nyingi zilirudi. Kazi zimerudi, ila mazoea hayajarudi. Bado tunaingia mjini kama tunaoingia Bosongo: tunauza, tunanunua, tunatupa taka, tunapanda gari kurudi nyumbani, kana kwamba mji una wenyewe na sisi ni wapita njia. Hii ndiyo sehemu ya ukoloni ambayo hapana bendera iliyoshushwa ikaondoka nayo.

Basi kijana wa sekondari afanye nini? Sitakuambieni muandamane, wala sitakuambieni mngoje mpate vyeo. Nakuambieni mjifunze kalenda. Mwaka wa fedha wa serikali huanza tarehe 1 Julai. Mpango wa maendeleo wa kila mwaka wa kaunti hutakiwa uwasilishwe bungeni kufikia tarehe 1 Septemba, mwongozo wa mapato na matumizi kufikia tarehe 28 Februari, makisio kufikia tarehe 30 Aprili, na yote yapitishwe kufikia tarehe 30 Juni. Anayepiga kelele mwezi wa Agosti kwamba barabara yake imesahauliwa ni kama apandaye mahindi wakati wenziwe wanavuna. Anayeandika barua mwezi wa Agosti kabla mpango wa Septemba haujafungwa, kisha akaifuata mwezi wa Februari na wa Aprili, huyo ni mkulima.

Pili, jifunzeni kuandika. Kila mtu ana haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma. Kifungu cha 37 cha Katiba kinaitaja haki hiyo, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya mwaka 2012 inairudia. Neno la mdomo hupeperuka, lakini ombi lililoandikwa kwa adabu, lenye tarehe na sahihi, huingia katika majalada, na jalada halisahau. Kifungu cha 35 nacho kinampa raia haki ya kupata habari zilizo mikononi mwa serikali. Ombeni kumbukumbu. Zisomeni. Mkizisoma, ulizeni maswali matatu tu: limeamuliwa nini, litagharimu kiasi gani, na nani ameagizwa kulitekeleza kabla ya siku gani. Kumbukumbu zisizojibu maswali hayo matatu ni hadithi, hata zikiwa na mhuri.

Tatu, anzeni shuleni. Vyama vyenu vya mijadala, vya mazingira na vya michezo vina wenyeviti na makarani. Je, kumbukumbu zenu huthibitishwa kwa kweli, au hupigiwa makofi? Je, akidi huhesabiwa? Je, mweka hazina husoma hesabu mbele ya wanachama wote? Sisi walimu nasi tuna deni hapa. Tukiwafundisha wanafunzi majina ya vyeo vya serikali na tusiwafundishe kuendesha kikao, tunawapa orodha ya vyombo vya jikoni bila kuwafundisha kupika. Darasa likiweza kupelekwa kutazama wanyama porini, laweza pia kupelekwa kuketi saa mbili katika viti vya wageni vya bunge la kaunti, kila mwanafunzi na daftari lake. Hawatacheka sana. Watatoka wakijua kitu.

Nayo mabaraza yatimize wajibu wake. Yabandike ajenda sokoni, kanisani, na kwenye vituo vya kununulia chai, si katika gazeti peke yake. Yaandike muhtasari wa makisio kwa Kiswahili chepesi. Yatoe kumbukumbu bila kumfanya mwombaji ajione mwizi. Yawajibu wenye maombi kwa maandishi, hata jibu likiwa ni hapana, maana hapana yenye sababu ni heshima, na kimya ni dharau. Baraza litakaloogopa kufanya hayo limekwisha jishuhudia.

Kelele za ugomvi zitaendelea kuwapo, nazo zitaendelea kupendeza masikio. Naibu gavana mwingine anaweza kuondolewa, spika mwingine anaweza kupingwa, na watu watajaa tena madirishani. Lakini kibanda kitajengwa au kitabomolewa, mto utasafishwa au utaoza, na barabara ya chai itatiwa kokoto au itabaki tope, kwa neno lililosemwa polepole siku ambayo hakuna aliyekuja. Viti vile vya wageni vimelipiwa kwa fedha za umma, wala havina jina la mtu. Enendeni mkavikalie.